Shilingi Nne Zinazoamua Ukungu wa Chawia

Na Mwandishi Wetu

Watu wa Mombasa wanaopanda kwenda Taita kwa mazishi, kwa harusi au kwa likizo ya Desemba wana neno moja ambalo wote hulisema wakishafika juu. Matatu ikishaiacha Voi, ikapita mashamba ya mkonge ya Mwatate na kuanza kukwea kona za kwenda Chawia, vioo hufunguliwa, watu huvuta pumzi ndefu, na hakosekani mmoja wa kutamka: "Huku ndiko kwenye hewa!"

Wenyeji humtazama tu wakatabasamu. Hewa hiyo ndiyo waliyozaliwa nayo, na asubuhi za Julai, wakati ukungu umeufunika mlima hata jirani haonekani, wengi wao wangefurahi kuibadilisha na joto la Mwembe Tayari kwa saa moja hivi.

Lakini je, msomaji, yule mgeni anasema kweli? Hewa ya Chawia ina kitu gani ambacho hewa ya Mombasa, ya Voi au ya Nairobi haina?

Tuanze na hesabu. Tuchukue hewa kavu, tuigawe kana kwamba ni pesa, jumla yake shilingi 10,000. Katika hizo, shilingi 7,808 ni gesi ya naitrojeni. Shilingi 2,095 ni oksijeni, ile tunayoihitaji ili tuishi. Shilingi 93 ni agoni, gesi ambayo wengi hawajapata kuisikia ingawa wanaivuta kutwa kucha. Ukishatoa hizo, mfukoni zinabaki shilingi nne na ushee. Hizo ndizo kaboni dayoksaidi. Gesi nyingine kama neoni, heliamu na methani hugawana visenti vya mwisho.

Hesabu hii haibadiliki ukiwa Kilindini, ukiwa Voi, ukiwa Chawia, wala ukiwa kileleni mwa Kilimanjaro. Upepo huikoroga hewa usiku na mchana kama mama anayekoroga uji, hivyo hakuna gesi inayopata nafasi ya kutuama chini wala kuelea juu peke yake. Inabidi upande kilomita 80 hivi kutoka ardhini kabla mchanganyiko huu haujaanza kuvurugika.

Kinachopungua unapopanda mlima ni wingi wa hewa yenyewe. Msitu wa Chawia uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,500 hadi 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Voi iko kwenye mita 580 hivi. Pumzi moja uliyoivuta Mombasa ukaihesabu kuwa 100, Voi ni 93, na Chawia ni 83 hivi. Naitrojeni imepungua, oksijeni imepungua, zote kwa kiwango kimoja.

Na hapa ndipo mkazi wa Nairobi anayejigamba kwamba amekwenda Taita "kubadilisha hewa" anapoachwa mdomo wazi. Nairobi iko juu kuliko Chawia! Katikati ya jiji ni zaidi ya mita 1,650. Kwa kipimo cha oksijeni peke yake, aliyetoka Nairobi akaja Chawia ameongezewa kidogo. Kinachompendeza ni kwamba huku hakuna moshi wa magari wala vumbi la barabara, na kwamba hewa ni baridi na imelowa. Hilo la kulowa tulishike, maana ndilo kiini cha habari yetu.

Wanafunzi wanaweza kujionea wenyewe tofauti hii ya uzito. Ukiwa Chawia, kunywa maji ya chupa ya plastiki yaishe, kisha ifunge chupa tupu kwa kifuniko chake, uikaze vizuri. Shuka nayo hadi Voi. Utaikuta imebonyea kama iliyokaliwa na mtu, kwa sababu hewa ya chini imeielemea ile ya mlimani iliyofungiwa ndani. Kinyume chake ni ile pakiti ya krispi iliyonunuliwa Mombasa, ambayo ikifika juu huvimba hadi watoto wakaogopa kuifungua. Na mama akikuambia kwamba maharagwe ya Chawia yanakula kuni kuliko ya Mombasa, usimbishie. Maji ya huku huchemka yakifika nyuzi 95 hivi wala hayafiki 100, hivyo maharagwe hukaa jikoni zaidi.

Maharagwe na mbolea

Maadamu tumeyataja maharagwe, tuseme machache juu ya naitrojeni, ile yenye fungu kubwa kuliko zote. Tunaivuta na kuitoa bila kuitumia hata chembe. Ni tajiri anayepita mlangoni kila siku asiache kitu. Hata hivyo, mwili hauwezi kujenga msuli wala damu bila naitrojeni. Tunaipata wapi basi? Tunaipata katika chakula, na chakula hukipata udongoni. Maharagwe, kunde na mbaazi yana vijidudu vinavyoishi katika vinundu vya mizizi, navyo huikamata naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Ng'oa shina la kunde taratibu uoshe mizizi, utaviona vinundu hivyo kwa macho. Radi nayo hufanya kazi hiyo kidogo. Na tangu mapema karne ya 20, viwanda vimejifunza kufanya vivyo hivyo kwa joto na mgandamizo mkubwa, na ndiyo maana mbolea ya chumvichumvi ya madukani kwa sehemu kubwa ni hewa iliyotiwa kwenye gunia na kuuzwa kwa bei ambayo kila mkulima anaijua.

Agoni tuipite. Haifanyi lolote. Iligunduliwa mwaka 1894 na Waingereza wawili, Rayleigh na Ramsay, kwa sababu tu naitrojeni waliyoitoa hewani ilikuwa nzito kidogo kuliko ile iliyotengenezwa kwa kemikali, nao hawakutaka kuidharau tofauti hiyo ndogo.

Oksijeni inahitaji maneno zaidi, maana juu yake kuna jambo ambalo shule nyingi hulifundisha nusu. Mabango mengi husema kwamba tuilinde miti kwa sababu inatupa hewa ya kupumua. Ni kweli kwamba oksijeni yote tuliyo nayo ilitokana na mimea na viumbe vidogo vya majini, kazi iliyochukua zaidi ya miaka bilioni mbili. Lakini msitu mkongwe kama wa Chawia, ukiutazama mwaka mzima, karibu oksijeni yote unayoitoa huitumia wenyewe, kwa sababu miti hupumua na majani yaliyoanguka huoza. Akiba iliyomo hewani ni kubwa mno. Msitu huu ukifyekwa kesho, hakuna mtu wa Mwatate atakayekosa pumzi. Sababu ya kuulinda ni nyingine, na ni ya karibu zaidi.

Hata hivyo, ipo njia ya kukosa oksijeni ukiwa nyumbani kwako. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, familia nyingi za milimani na za Nairobi huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha. Makaa yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hii hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoweza kushikamana nayo. Mtu huanza kwa kuumwa kichwa na kizunguzungu, kisha usingizi, na hapo ndipo wengine hawaamki. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Dirisha lililo wazi kidogo si uharibifu wa joto.

Mgeni asiyehesabiwa

Katika zile shilingi 10,000 hatukuuhesabu mvuke wa maji. Hatukuuhesabu kwa sababu hautulii. Siku ya jasho Mombasa, mvuke unaweza kufika kama shilingi 300 katika kila 10,000. Siku ya ukame kwenye nyika ya Taru hupungua sana. Ni mgeni anayeingia na kutoka, na Chawia huishi kwa kumtegemea.

Upepo wa kusi ukivuma, huichukua hewa iliyonyonya maji Bahari Hindi na kuipeleka bara. Huvuka Mariakani na Mackinnon Road, hupita juu ya michongoma na mibuyu bila kuangusha tone, na watu wa chini hutazama juu wakaona mawingu yanapita tu. Kisha hewa hiyo hukutana na milima ya Taita, iliyosimama peke yake katikati ya nyika kama kisiwa. Haina pa kupita ila kupanda.

Hewa ikipanda hutanuka, na ikitanuka hupoa. Ikiwa haijaanza kufanya wingu hupoa karibu nyuzi 10 kwa kila mita 1,000. Toka Voi hadi Chawia ni karibu mita hizo. Na hewa baridi haibebi maji mengi: mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 hubeba hadi gramu 30 za mvuke, lakini ikiwa na nyuzi 15 haiwezi kubeba hata gramu 13. Kinachozidi lazima kitue. Kikitua hewani ndicho kile tunachokiita wingu, na kwa aliyesimama ndani yake ni ukungu.

Ajabu ni kwamba wakati wa kusi mvua ya kupimwa kwa chombo huwa haba, ilhali msitu unachuruzika. Majani, magamba ya miti, na zile ndevu za kijani zinazoning'inia matawini huukamata ukungu kama chandarua kinavyokamata mbu. Matone hukutana, huteremka kwenye shina, huingia udongoni. Mlima usio na miti hupitiwa na ukungu huo huo ukaenda zake. Voi hupata mvua ya kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Vilele vya Taita hupata maradufu au zaidi, na ukungu ni nyongeza juu ya hiyo. Vijito vinavyoshuka kutoka milimani ndivyo vinavyonywesha mashamba ya mabondeni, na Mto Voi, unaopita mjini na kuingia mbuga ya Tsavo Mashariki hadi bwawa la Aruba, chimbuko lake ni milima hii hii.

Msitu wenyewe ni mdogo kiasi cha kustaajabisha. Chawia haufiki hata hekta 100. Ni kipande kilichobaki cha msitu mkubwa wa zamani, pamoja na vipande vingine kama Ngangao na Mbololo. Humo huishi ndege mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, ambaye wanasayansi humwita Turdus helleri. Hutafuta wadudu chini ya majani yaliyolowa, na hapatikani popote pengine duniani ila katika vipande hivi vya Taita.

Gesi ndogo, kazi kubwa

Sasa turudi kwenye zile shilingi nne. Kabla ya viwanda kuenea Ulaya, kaboni dayoksaidi ilikuwa shilingi mbili na senti 80 katika kila 10,000. Mwaka 1958, Mmarekani Charles David Keeling alipoanza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, ilikuwa imefika shilingi tatu na senti 15. Mwaka 2024 wastani wake ulivuka shilingi nne na senti 20. Kwetu nako hupimwa: Idara ya Hali ya Hewa ina kituo kwenye Mlima Kenya, zaidi ya mita 3,600 juu, mbali na moshi wa miji.

Msomaji anaweza kuuliza: shilingi moja na nusu katika 10,000 zitamdhuru nani? Jibu ni kwamba naitrojeni, oksijeni na agoni, pamoja na utajiri wao wote, haziwezi kuzuia joto linalotoka ardhini usiku. Huliacha likaenda zake. Kaboni dayoksaidi na mvuke ndizo blanketi. Bila blanketi hilo, wastani wa joto la dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sufuri badala ya nyuzi 15 hivi. Blanketi ni jema. Kinachosumbua ni kwamba kaboni dayoksaidi iliyomo ndani yake imeongezwa kwa nusu nzima katika muda wa vizazi vichache.

Miti huila gesi hiyo. Karne ya 17, Mbelgiji Jan Baptist van Helmont, ambaye pia ndiye aliyelibuni neno "gesi", alipanda mche katika chungu cha udongo aliokuwa ameupima. Baada ya miaka mitano mti ulikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 70, na udongo ulikuwa umepungua gramu chache tu, pungufu ya 60. Yeye alidhani mti umejengwa na maji. Leo tunajua kwamba nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni iliyotoka hewani. Tani moja ya mbao kavu ni sawa na tani 1.8 hivi za kaboni dayoksaidi zilizofungiwa. Ukiichoma, zinarudi.

Hapo ndipo gesi ilipogeuka kuwa biashara, na Taita Taveta ni miongoni mwa mahali pa kwanza duniani ilipogeukia. Mradi wa Kasigau, ulio kwenye nyika kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, ulipata mwaka 2011 vyeti vya kaboni vya misitu vilivyokuwa vya kwanza vya aina yake chini ya kanuni za kimataifa za upimaji huo. Kila cheti ni tani moja ya kaboni dayoksaidi ambayo haikuingia hewani kwa sababu miti haikukatwa, na kampuni za ng'ambo huvinunua. Watu waliolipwa ada ya shule au kuchimbiwa kisima kwa pesa hizo hawaoni ajabu. Mimi naiona: ni bidhaa ambayo muuzaji hajaiona, mnunuzi hataiona, na kiasi chake hutegemea kukisia ni miti mingapi ingekatwa kama mradi usingekuwapo. Juu ya makisio hayo wataalamu wenyewe wanabishana. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2023 inataka miradi ya ardhi itoe angalau asilimia 40 ya mapato, baada ya gharama za uendeshaji, kwa jamii husika. Anayeletewa karatasi ya kutia sahihi na aulizie asilimia hiyo imehesabiwaje, na gharama zipi zimetolewa kwanza.

Lakini daftari la kaboni lina upungufu mmoja mkubwa kwa mtu wa Chawia: huhesabu tani tu. Msitu usiofika hekta 100 hauna tani nyingi za kumvutia mnunuzi. Maji ya ukungu unayoyakamata hayamo katika daftari hilo.

Na ukungu wenyewe una mashaka. Watafiti waliolinganisha picha za ndege za mwaka 1955 na hali ya 2004 waliona kwamba nusu ya msitu wa asili wa milima ya Taita katika eneo walilolichunguza ilikuwa imetoweka. Ukiutazama mlima kutoka mbali huwezi kujua, kwa sababu misonobari na mikaratusi iliyopandwa imeziba karibu pengo lote, na kijani ni kijani kwa mtazamaji wa barabarani.

Mwaka 2024 ukachapishwa utafiti mwingine katika jarida la Nature Communications, baadhi ya watafiti wake wakiwa wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambacho kina kituo chake hapa Wundanyi. Uliangalia misitu ya milimani barani Afrika kwa jumla. Mahali iliposhafyekwa, joto la hewa lilikuwa limezidi kwa zaidi ya nyuzi moja na kitako cha mawingu kimepanda zaidi ya mita 200, katika muda usiozidi miaka 20. Sababu inaeleweka kwa ile hesabu yetu ya gramu. Ardhi iliyo uchi huwaka jua na haitoi mvuke kama msitu, hivyo hewa huwa na joto zaidi na unyevu pungufu, nayo lazima ipande juu zaidi kabla ya kupoa kiasi cha kufanya wingu. Kila nyuzi moja ya pengo hilo huliinua wingu mita kama 125. Ongezeko la kaboni dayoksaidi kutoka kila pembe ya dunia hupasha joto juu ya hilo.

Kilele cha Vuria kina mita 2,208. Wingu likipanda mita 200, Vuria itaendelea kulowa. Chawia iko mita 600 chini yake, na haina pa kusogea. Anayeishi Mwatate anaweza kujipimia bila chombo chochote: asubuhi za kusi, kabla ya saa tatu, atazame mlimani aone wingu limekaa juu ya msitu wa Chawia au limekaa ndani yake, aandike tarehe, na mwakani atazame tena.